Kila Mtu Anamtaka Mjusi wa Lindi, Waliombeba Kichwani Je?

Kila baada ya muda, hoja ya mjusi wa Tendaguru hufufuka. Mbunge anauliza swali bungeni, mitandao inawaka, na kwa wiki nzima kila mtu anakuwa mtaalamu wa dinosaria: Wajerumani wamrudishe mjusi wetu, la sivyo walipe. Picha inayosambaa ni ile ile. Mifupa imesimama ndani ya ukumbi wa Museum für Naturkunde mjini Berlin, zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi utosini, na chini yake watalii wameinua shingo kama watoto wanaotafuta embe bivu juu ya mti.

Swali ambalo halisambai ni dogo tu. Huyo mjusi alifikaje bandarini?

Kati ya kilima cha Tendaguru na Lindi mjini hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Wanyama wa mizigo nao hawakuwa wa kutegemea kwenye nchi ya mbung'o. Kwa hiyo mjusi alitoka porini akiwa juu ya vichwa na mabega ya watu, kipande kwa kipande, mwendo wa siku kama nne kwa miguu. Na hao watu, ukiacha wachache sana, hawana majina popote.

Habari ya mifupa ilianza kuvuma mwaka 1906, mhandisi wa madini wa Kijerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler alipokuta mfupa mkubwa umejitokeza ardhini. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas akaenda kujionea. Mwaka 1909 Berlin ikatuma msafara kamili chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Wazungu waliokuwa kilimani unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wachimbaji na wapagazi, kazi ilipochanganya, walifika karibu 500, wengi kutoka vijiji vya Wamwera na majirani zao. Ukiongeza wake na watoto waliohamia kambini, Tendaguru ikawa kama mji mdogo uliochipuka katikati ya pori, tena pori lenye shida ya maji.

Kwa jumla zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake ziliondoka pale. Katika misimu mitatu ya mwanzo peke yake, safari za kupeleka mzigo Lindi zilipita 5,000. Rudia hiyo namba polepole: mara elfu tano na ushee, mtu fulani alijitwisha, akatembea kama kilometa 60, akatua, akageuza.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi enzi zile ulikuwa karibu kilo 30. Mfupa uliozidi hapo ulisafirishwa kwa vipande, na kipande kilichokuwa kizito mno kilitundikwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili au zaidi. Kufunga mzigo wenyewe kulikuwa ufundi. Mianzi ilizungushwa kama pipa, ndani nyasi na udongo ili mfupa usigongane na kitu, nje kamba. Halafu ngata kichwani, mzigo juu ya ngata, safari.

Kwa watu wa kunyanyua vyuma, kilo 30 inaweza kuonekana mzaha. Lakini kule gym unanyanyua mara kumi, unatua, unakunywa maji, unajipiga picha kwenye kioo. Hapa mzigo unakaa kichwani tangu asubuhi, kwenye kijia chembamba cha kupanda na kushuka, na kesho ni hivyo hivyo, na keshokutwa ni hivyo hivyo. Kwa mwanamume wa kilo 60, kilo 30 ni nusu ya mwili wake. Ni kama ametembea siku nne amembeba mdogo wake wa darasa la nne.

Kubeba kichwani kumewahi kupimwa kisayansi, na waliopimwa ni majirani zetu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake. Wanawake wa Kijaluo, wanaojitwisha utosini, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, walitembea kwenye mashine huku hewa wanayovuta ikipimwa. Matokeo yaliwashangaza wengi. Mpaka mzigo ufike asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi yao ya oksijeni hayakupanda hata kidogo. Bure kabisa! Mwanajeshi aliyebeba begi mgongoni hulipia kila kilo. Mwaka 1995 watafiti wakaeleza siri yake: mwili wa binadamu anayetembea hupanda na kushuka kama timazi inayoning'inia, na mbebaji mzoefu anajua kuutumia ule mwendo kuliko mtu wa kawaida, nguvu nyingi hairuki hewani. Baadaye watafiti waliowapima wanawake Waxhosa kule Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kwa kila mtu, ila maumivu ya shingo yalikuwa ya kawaida. Yaani kipaji kipo, na gharama ipo.

Fanya hesabu sasa. Asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12. Mpagazi wa Tendaguru alikuwa na 30. Hata kama alikuwa bingwa wa mwendo, zile 18 zilizobaki alizilipia mwenyewe, na akaunti iliyokatwa ni misuli.

Misuli inayoshika mifupa, ile unayoiamuru mwenyewe, ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kijana asiye mnene. Wengi tunaiona kama pambo, au winchi ya kunyanyulia vitu. Kumbe ni kiungo kikubwa cha kushughulikia chakula, na habari yote ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu, akiba na taka, haielezeki bila hiyo.

Mtu anapokula ugali, wanga unageuka glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho inatoa insulini, na insulini inakwenda kubisha hodi kwenye milango ya seli. Mteja mkubwa kuliko wote anayeipokea sukari hiyo ni misuli. Sehemu anaitumia, sehemu anaiweka ghalani kwa jina la glaikojeni. Misuli ya mtu mzima inaweza kuhifadhi kiasi cha gramu 400 hivi, ini linabaki na kama 100. Ghala likijaa na mwenye nyumba hatikisiki, sukari inayofuata inakuta mlango mgumu kufunguka. Insulini inabisha zaidi, kongosho linatoa zaidi, nyingine inageuzwa mafuta, na mambo yakienda hivyo kwa miaka, hapo ndipo kisukari cha aina ya pili kinapoanza kunyemelea.

Cha kusisimua ni hiki: msuli unapojikunja na kujikunjua una ufunguo wake wa pili. Ile kazi yenyewe inasukuma milango ya sukari ifike juu ya ngozi ya seli na kufunguka, bila kusubiri insulini. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari akitembea baada ya kula sukari yake inashuka, ingawa insulini yake haifanyi kazi vizuri. Na baada ya zoezi, msuli unabaki mwepesi kuipokea insulini kwa siku nzima hivi, wakati mwingine mbili. Ndiyo sababu madaktari wanasisitiza usikae siku mbili mfululizo bila kuutikisa mwili.

Zaidi ya hapo, msuli unapofanya kazi hutuma ujumbe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, timu ya Bente Klarlund Pedersen mjini Copenhagen ilionyesha kuwa misuli inayofanya kazi humwaga kwenye damu kemikali zinazokwenda kuzungumza na ini, mafuta na kinga ya mwili. Watafiti hao wakazipa jina la mayokini. Timu hiyo hiyo ilifanya jaribio ambalo kila kijana wa mjini angepaswa kulijua. Walichukua vijana wa kiume 10 wenye afya njema, waliozoea hatua zaidi ya 10,000 kwa siku, wakawaambia wapunguze mpaka kama 1,300: panda lifti, panda gari, kaa. Wiki mbili tu. Miili ikaanza kuhitaji insulini nyingi zaidi kwa sukari ile ile, na mafuta ya ndani ya tumbo yakaongezeka. Hawakuwa wagonjwa wala wazee. Walikaa tu.

Basi zile posti za "babu zetu hawakuwa na kitambi wala sukari" zina ukweli ndani yake. Utafiti uliofanyika kwenye vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari ni wachache mno, kama mtu mmoja katika kila 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kama 9 katika kila 100. Vipimo na maeneo hayakufanana, kwa hiyo si haki kuweka namba hizo bega kwa bega kana kwamba ni mechi moja. Lakini kwamba mzigo umepanda, hilo halina ubishi.

Shida ya posti hizo ni pale zinapogeuza mateso kuwa programu ya mazoezi.

Rudi Lindi. Mifupa ilipogunduliwa mwaka 1906, nchi ile ilikuwa bado inanuka moshi. Vita vya Majimaji viliwaka Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kusini, Wamwera nao waliingia, na misheni ya Nyangao ikachomwa. Wajerumani walijibu kwa risasi, halafu wakaleta silaha mbaya kuliko risasi: wakachoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa ikamaliza walioponea vitani. Makadirio ya waliokufa kwenye vita na njaa yanafika watu 300,000.

Njaa inafanya nini kwa msuli? Akiba ya sukari iliyoko kwenye ini inakwisha ndani ya siku moja hivi. Ile ya kwenye msuli haiwezi kutoka nje kwenda kusaidia wengine, msuli unayo kwa matumizi yake tu. Ubongo lakini unadai sukari saa zote. Basi mwili unaanza kubomoa nyama yake: protini za misuli zinavunjwa, zinapelekwa kwenye ini, ini linazigeuza kuwa glukosi. Baadaye mafuta yanachukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila ubomoaji hausimami. Mtu mwenye njaa ya miezi anatembea akiwa ameila miguu yake mwenyewe.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipojitwisha mfupa mwaka 1909 alikuwa na miaka 16 vita vilipoanza, na njaa ilimkuta kwenye umri ambao mwili unajenga misuli ya maisha. Akakua hivyo hivyo. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa rupia, na rupia haioti shambani. Kilima cha mifupa kililipa rupia. Wengi walikwenda kwa miguu yao, hawakufungwa kamba, na hilo ni tofauti kubwa na hali ya karne iliyotangulia. Lakini ukisema walichagua, ongeza na nani aliyepanga machaguo.

Maana kubeba kwenye pwani hii hakukuanza na Wajerumani. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa njia ndefu ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilishuka mabegani, na wengi walioshuka nazo walikuwa wenyewe bidhaa, wakiuzwa baada ya kutua. Aliyechoka njiani aliachwa porini. Huko nyuma zaidi, mtu fulani alibeba kila jiwe la matumbawe lililojenga msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani na lile jumba la Husuni Kubwa. Jina la sultani tunalo, Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 alimsifu kwa ukarimu. Waliobeba mawe hawamo.

Misuli ya watu hawa ilikuwa ikifanya kila kitu kinachosifiwa na wakufunzi wa gym. Ilifungua milango ya sukari, ilimaliza ghala, ilituma mayokini. Sukari ya damu pengine ilikuwa safi kuliko ya msomaji yeyote wa ukurasa huu. Na bado mwili ukawa unaumia, kwa sababu msuli haukui wakati wa kubeba. Unakua baadaye, mtu akila protini ya kutosha na akilala. Kubeba ni kubomoa kidogo, na kupumzika ndiko kunakojenga. Ukitoa chakula na usingizi, kinachobaki ni kubomoa.

Wadenmaki wanalipigia kelele jambo hili siku hizi. Wamefuatilia maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi na kukuta kitu cha ajabu: watu wanaojitikisa kwa hiari, saa zao za mapumziko, wanaishi zaidi, lakini wanaume wenye kazi za suluba hawapati faida hiyo, na tafiti kadhaa zinaonyesha wanakufa mapema kidogo. Wapo wanaopinga, wanasema ni umaskini na sigara. Hoja ya upande wa pili ni kwamba kazi ya kubeba saa nane inapandisha mapigo ya moyo na presha kutwa nzima bila nafasi ya kushuka, na mbebaji haamui lini atatua. Mwanamichezo anatua akichoka. Kuli anatua mzigo ukifika.

Wapo pia wanaodhani siri ya babu ilikuwa "kuchoma" chakula kingi. Hapo jibu limetoka Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambazo Wahadzabe wanatumia kwa siku. Wanaume wanatembea kama kilometa 11 kila siku, wanawake kama 6, wanachimba mizizi, wanapanda miti kufuata asali. Ukirekebisha kwa ukubwa wa mwili, jumla ya nguvu waliyotumia haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini! Mwili unaonekana kubana matumizi mahali pengine ili bajeti isilipuke. Kwa hiyo anayepiga tizi saa moja ili kuhalalisha chipsi mayai za jioni anajidanganya kwenye hesabu. Faida ya tizi iko kwingine, kwenye ile milango ya sukari, kwenye moyo, kwenye mafuta ya tumboni. Mizani inaweza isitikisike na mwili ukawa umebadilika.

Kati ya mpagazi wa Tendaguru na mtu wa kukaa, kuna mtu wa tatu, naye ni konda.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris alichapisha utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale ya ghorofa yalikuwa na dereva anayekaa na konda anayepanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Watu wa tabaka moja, kampuni moja, barabara moja. Makonda waliugua moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na waliokufa ghafla kwa ugonjwa huo walikuwa wachache zaidi. Watu wakasema ni zile ngazi. Miaka mitatu baadaye Morris akarudi na karatasi za washonaji wa sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vinene tangu siku walipoajiriwa. Kwa hiyo si ngazi peke yake, wanene pia walielekea kwenye usukani. Mzee alikuwa mkweli wa kulikosoa jibu lake mwenyewe, jambo ambalo wauza virutubisho wa mtandaoni hawajalijaribu.

Hata hivyo tafiti zilizofuata, kwa miaka 70, zimeendelea kuelekeza upande ule ule. Na konda wa London alikuwa na vitu ambavyo mpagazi hakuwa navyo: mshahara wa kila wiki, chakula, siku ya mapumziko, na mwisho wa zamu unaojulikana. Kazi yake ilikuwa nyepesi, ya kukatizwa katizwa, na ilitosha. Konda wa daladala anayening'inia mlangoni kuanzia saa kumi alfajiri hadi usiku wa manane ana ngazi, ila hana mwisho wa zamu.

Kwenye pwani yenyewe mambo yamegeuka ndani ya maisha ya mtu mmoja. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lami ikafuata, na safari ya kutoka Dar hadi Lindi iliyokuwa ya kusukuma basi kwenye tope sasa ni ya kusinzia kitini. Bodaboda zimechukua ndoo, kuni, magunia na abiria, na hakuna mwenye akili anayelilia ndoo irudi kichwani kwa mama yake. Ila kijana anayeendesha hiyo boda anakaa kwenye siti kutwa, chakula chake ni chipsi na soda, na mwili wake haujui kwamba amefanya kazi. Amechoka jua na vumbi. Miguu haijachoka.

Wakati huo huo, Songo Songo na vijiji vingine vya Kilwa, bamvua likitoa maji nje, wanawake bado wanashuka kwenye miamba na fimbo kutafuta pweza. Wanatembea kwenye mawe yenye kuteleza, wanainama, wanavuta, wanarudi na maji yakijaa. Kazi yao inapangwa na mwezi: siku kadhaa za nguvu, kisha bahari inafunga mlango na mwili unapumzika. Hakuna aliyewapangia ratiba hiyo kwa ajili ya afya, lakini mkufunzi mzuri akiiona atakubali.

Kiwango kinachopendekezwa leo na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni kidogo mno ukikilinganisha na safari moja ya Lindi: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za kazi ya misuli. Dakika 150 ni kama 21 kwa siku. Mpagazi angezimaliza kabla jua halijachomoza vizuri, akiwa bado anaona kilima nyuma yake. Yeye hakupungukiwa mwendo. Alipungukiwa haki ya kutua.

Kuhusu majina, si kwamba hakuna kabisa. Nyapara mkuu wa Tendaguru, Boheti bin Amrani, anafahamika. Alikuwa na jicho la kuona mfupa pale wengine walipoona jiwe, na Waingereza walipokuja kuchimba kuanzia mwaka 1924, na Louis Leakey kijana mdogo akiwa miongoni mwao, walimtafuta yeye. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: nusu ya kwanza ni Wamwera, ya pili ni Mohammadi Keranje, mmoja wa wachimbaji. Hao wawili walikuwa mafundi wa kuchimba. Katika wale waliokuwa na ngata kichwani, hakuna hata mmoja aliyepewa mjusi.

Baadhi ya mizigo yao bado iko Berlin. Ni yale mapipa ya mianzi, kadhaa yakiwa yamekaa zaidi ya miaka 100 bila kufunguliwa. Badala ya kuyakata, watafiti wameyapitisha kwenye mashine za picha za hospitali ili waone mfupa ulioko ndani. Mashine inaonyesha mfupa, udongo na mwanzi. Kamba ziko vile vile zilivyofungwa Tendaguru, na mikono ya watu waliojua kwamba mzigo usipokaa sawa, shingo ndiyo itakayolipa.